Neno linalokaa nyuma ya tagi

Kimya kingi kina mshindo, ndo wasemavyo wakubwa. Wiki tatu sijaweka kitu humu, manake kulikuwa na kazi za vikundi, kulikuwa na majaribio, na kulikuwa na faili moja lililonikaa kichwani kuliko majaribio yote. Leo nalizungumzia hilo faili. Nawaambia mapema: ndani mna XML. Wenzangu wa Kiswahili na Historia msikimbie, nyinyi ndo nimewaandikia khasa. Wale wa IT mnivumilie nikieleza mambo ambayo kwenu ni kama njia ya kantini.

Faili lenyewe ni la Gando. Kwa asiyepajua, Gando ndo kwetu, Pemba, Wilaya ya Wete, upande wa machweo, na kisiwa cha Fundo kiko ng'ambo tu ya maji. Watu wake wanavua, wanalima, na msimu wa karafuu ukifika kila uwanja unageuka jamvi. Wanazungumza Kipemba, tena kile cha ndani. Mwenyewe nikifika hapa chuoni huwa nakifungia sandukuni, kwa sababu ukitamka "ntu" badala ya "mtu" darasani, watu hawasikii tena ulichosema. Wanacheka kwanza.

Tangu niko sekondari, kila likizo nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa mama, yeye anazungumza na mie naandika. Anasuka ukili, anachambua karafuu, anaita kuku, mie niko na daftari. "Unayaandika ya nini haya mjukuu wangu, haya si maneno ya skuli," ndo wimbo wake. Lakini nikikosea kuandika alivyotamka ananirudisha: "Sivyo hivyo. Andika tena." Bibi alitangulia mbele ya haki mwaka 2023, Mwenyezi Mungu amrehemu. Daftari lipo, ila masika moja paa lilivuja, na kurasa nyingi wino umetambaa huwezi kusoma. Bahati nzuri nilikuwa nimeshachapa karibu yote kwenye kompyuta. Kwa hiyo zipo sentensi za bibi ambazo leo hazina pengine duniani isipokuwa ndani ya faili hilo. Nataka mlishike hilo, kwa sababu ndo sababu ya makala yote haya.

Sasa kwa nini XML na si Word tu? Kwa sababu katika kila sentensi nilikuwa na vitu vya aina mbili. Kuna maneno ya bibi, na kuna maneno yangu mie ninayemweleza msomaji. Ukivichanganya bila alama, baada ya miaka miwili hujui lipi la nani. XML ni namna ya kuandika maandishi pamoja na alama zake. Kiwango chake cha kwanza kilitolewa na W3C mwaka 1998, na hadi leo kimejaa kila mahali, hata pale usipokiona. Alama zenyewe tunaziita tagi. Sentensi moja kwenye faili langu iko hivi:

<mfano>Babu kaumia nkono <maelezo>n, si m</maelezo> akitega dema kule Fundo.</mfano>

Bibi anasema kwamba babu kaumia mkono akitega dema. Katikati nimetia maelezo yangu kwamba hapo katamka n, hakutamka m. Kule kwetu ndo ilivyo: mti ni nti, mtu ni ntu, mkono ni nkono.

Kompyuta ikisoma mstari huo haioni mstari. Inaona ukoo. Tagi ya mfano ni mzazi, tagi ya maelezo ni mtoto wake. Na maandishi nayo yamo ndani ya ukoo, kila kipande kwa nafasi yake: kipande cha kwanza ni "Babu kaumia nkono", cha pili ni "n, si m" kilichomo ndani ya maelezo, na cha tatu ni "akitega dema kule Fundo." Vipande hivi ndo watu wa IT wanaviita nodi za maandishi. Nodi maana yake fundo, lakini si kile kisiwa jamani!

Basi mwaka huu kikundi chetu kilipewa kazi ya kuandaa sentensi za kufundishia mada ya lahaja. Nikajitolea za Gando. Zilitakiwa sentensi safi, bila maelezo ya mkusanyaji. Kuyafuta kwa mkono, moja moja, ni kazi ya kukesha, na mkono unachoka na kufuta kisichofutwa. Nikamwendea shoga yangu mmoja wa IT, tunakaa hosteli moja. Akasema, "Hii kazi ya dakika tano, lete chai."

Akaniandikia hivi kwa Python:

for m in mti.findall(".//maelezo"):
    m.getparent().remove(m)

Yaani: tafuta kila tagi ya maelezo, mwendee mzazi wake, mwambie amtoe mtoto huyu. Mistari miwili tu. Nikapenda. Ila kabla hatujaigusa faili lenyewe tulitengeneza kopi, tukahesabu maneno yote yaliyo nje ya maelezo, tukaandika idadi kwenye karatasi. Mantiki ni nyepesi: kama tunatoa maelezo peke yake, basi maneno ya nje ya maelezo yabaki yale yale, hata moja lisipungue.

Tukaendesha kwenye kopi. Imemaliza kabla chai haijapoa. Hakuna onyo, hakuna herufi nyekundu, kimya. Tukafungua, na ile sentensi ya babu imekuwa hivi:

<mfano>Babu kaumia nkono </mfano>

Hesabuni. Sentensi ilikuwa na maneno 7 ya bibi. Yamebaki 3. Tuliomba litolewe neno langu, likaondoka pamoja na maneno manne ya bibi: akitega, dema, kule, Fundo.

Kilichonitisha zaidi si kupotea kwa maneno. Kilichonitisha ni kwamba kilichobaki ni sentensi nzima. "Babu kaumia nkono." Ina kiima, ina kiarifu, mwalimu yeyote ataitia vema. Ingekuwa imekatika katikati ya neno mtu angeshtuka, angeuliza. Lakini hii haina jeraha. Bila ile karatasi ya idadi, faili lingepelekwa kwenye kikundi, lingechapwa, lingefundishiwa, na miaka kumi mbele mtu angesema: wazee wa Gando walizungumza kwa sentensi fupi fupi. Haya!

Hapo nikamwambia shoga yangu, sitaki unitengenezee tu, nataka nijue kwa nini. Usiku ule tulikaa mpaka walinzi wakapita mara mbili. Nawapa nilichokielewa, kwa maneno yangu mwenyewe.

Python ni lugha ya skripti. Unaandika, inasomwa na kutekelezwa pale pale, rahisi kwa mtu kama mie, lakini kwa kazi nzito ya kuchambua maandishi marefu ina mwendo wa punda. Kwa upande mwingine iko maktaba inayoitwa libxml2. Hii imeandikwa kwa lugha ya C, na kabla hujaigusa imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa hiyo inakwenda mbio. Aliyeianzisha ni Daniel Veillard, ndani ya mradi wa GNOME, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba Python na C hazizungumzi moja kwa moja. Linatakiwa daraja. La mwanzo lilikuwepo, lilikuja na libxml2 yenyewe, lakini lilikuwa la kibubu kidogo: mtumiaji alitakiwa aachilie kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono wake kama wanavyofanya watu wa C, na hata ukibadilisha maandishi ya nodi ilibidi wewe mwenyewe uhakikishe kwamba alama kama & na < umezigeuza kwanza, la sivyo zinasomwa kinyume. Mwaka 2005 Martijn Faassen akatoa daraja jingine, lxml, ambalo baadaye Stefan Behnel ndiye aliyelilea kwa miaka mingi. Chini ni libxml2 ile ile, juu ni Python laini. Ndilo alilotumia shoga yangu, na ndilo wanalotumia wengi.

Sasa sikilizeni hapa. Ndani ya libxml2, kule chini kwenye C, kila kipande cha maandishi ni nodi huru. Kipande cha "akitega dema kule Fundo." ni mtoto halali wa mfano, ndugu yake maelezo, wamesimama sawasawa. Ukimtoa maelezo, ndugu yake anabaki pale pale alipo.

Lakini lxml ilichagua kuonesha mambo kwa mtindo wa ElementTree, kazi ya Fredrik Lundh, ambayo iliingizwa ndani ya Python yenyewe mwaka 2006. Lundh alitaka mambo yawe mepesi. Kwake hakuna nodi za maandishi zinazojitegemea. Kuna tagi tu, na kila tagi ina mifuko miwili. Mfuko wa kwanza unaitwa text, ndimo yanamokaa maandishi yaliyo ndani yake hadi anapotokea mtoto wa kwanza. Mfuko wa pili unaitwa tail, yaani mkia: maandishi yanayofuata baada ya tagi kufungwa, hadi tagi nyingine itokee.

Kwa hiyo katika sentensi yetu, "Babu kaumia nkono" ni text ya mfano. "n, si m" ni text ya maelezo. Na "akitega dema kule Fundo." ni mkia wa nani? Wa maelezo! Maneno ya bibi yamehesabiwa kuwa mkia wa maneno yangu, ati kwa sababu tu yamekaa nyuma yake. Na lxml ukiiambia imtoe mtoto, inamtoa na mkia wake. Ukiiambia imhamishe, inamhamisha na mkia wake. Tulijaribu na hilo pia, tukataka maelezo yote yakusanywe chini mwisho wa faili. Naam, yalikwenda, na nusu za sentensi zikayafuata huko chini kama watoto wanaoifuata gari ya harusi.

Nikauliza, huyu bwana hakuona kwamba hili ni hatari? Jibu ni kwamba kwa faili za aina nyingi si hatari kabisa. Chukua faili la bei za bidhaa: tagi ya jina, tagi ya bei, tagi ya idadi. Baina ya tagi na tagi hamna kitu ila nafasi tupu na mistari mipya. Mkia ukipotea umepoteza hewa. Mtindo ule umetengenezwa kwa ajili ya data, na kwa data ni raha tupu. Lundh alifariki mwaka 2021 na watu wangali wanautumia kila siku, kwa haki. Lakini sentensi za mtu anayezungumza si orodha ya bei. Humo tagi zinaingia katikati ya maneno, na mkia ndo mazungumzo yenyewe.

Shoga yangu akanionesha jambo jingine lililonishangaza. PHP nayo inaisoma XML kwa kupitia libxml2 ile ile. Ruby wana Nokogiri, nayo chini yake iko libxml2. Perl vilevile wanalo daraja lao. Ukifanya kazi hii hii ya kumtoa maelezo kwa PHP au kwa Nokogiri, "akitega dema kule Fundo." inabaki salama. Msingi mmoja, jiwe lile lile, lakini madaraja tofauti, na kila daraja lina kauli yake juu ya maandishi ni mali ya nani. Kwa hiyo mtu aliyezoea PHP akija Python na mazoea yake, anaweza kupoteza kurasa na asijue.

Dawa yake? Ipo, tena ndani ya lxml yenyewe. Badala ya ile mistari miwili unaandika huu mmoja:

etree.strip_elements(mti, "maelezo", with_tail=False)

Maana yake: ondoa maelezo na vilivyomo ndani yake, lakini mikia iache. Muwe waangalifu na hayo maneno ya mwisho, kwa sababu usipoyaandika inachukua kwamba mikia nayo iende. Na kama unataka kuondoa tagi peke yake huku maandishi ya ndani yabaki, iko strip_tags, hiyo haipotezi neno.

Ukitaka kufanya kwa mkono pia inawezekana, na mie nilijifunza zaidi kwa njia hiyo. Kabla ya kumtoa mtoto unauchukua mkia wake. Unaangalia: ana ndugu anayemtangulia? Kama yupo, mkia unaungwa mwisho wa mkia wa ndugu huyo. Kama hayupo, unaungwa mwisho wa text ya mzazi. Ndipo unamtoa. Nilipoeleza hivi kwenye kikundi, mwenzetu mmoja wa Dini akasema, "Hii si mirathi hii?" Tukacheka, lakini kweli, kanuni yake haiko mbali: kabla hujafunga hesabu ya aliyeondoka, angalia nani anastahiki alichokuwa amekishika.

Na kuhesabu je? Tulitumia hii:

mti.xpath("//text()[not(ancestor::maelezo)]")

Inaleta kila kipande cha maandishi ambacho hakimo ndani ya maelezo, kiwe text kiwe mkia. Unaviunga, unahesabu maneno, unaandika idadi. Baada ya kazi unahesabu tena. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, simama. Mara hii zililingana. Kilichobaki kurekebisha ni nafasi mbili mbili pale maelezo yalipokuwa, kitu kidogo.

Nilidhani tumemaliza. Wapi! Kukaja habari ya ng'.

Sehemu nyingine ya maneno ilichapwa na binamu zangu kwenye Word. Kama mlikuwa hamjui, faili la Word la siku hizi, lile la docx lililokuja na Office 2007, ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake mna XML. Lifungue utaikuta. Sasa Word ina tabia mbili. Ya kwanza, ukichapa kile kijialama cha ng' inakigeuza kuwa kile kilichopinda. Kwa macho ni kile kile, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali. Kwa hiyo ukitafuta "ng'onda" iliyoandikwa kwa kijialama kilichonyooka, wakati ndani ya faili kimepinda, unaambiwa haimo. Ng'onda haimo katika maneno ya Gando! Nani atakubali? Basi tukapita kubadilisha vyote viwe vya aina moja, na humo ndimo ulimo mtego ule ule: mtu anayepita kwenye text za tagi tu anabadilisha nusu, na mikia anaisahau. Lazima upite kote kuwili.

Tabia ya pili, Word haikijui Kipemba, kwa hiyo inayapigia maneno yetu mstari mwekundu, na ikishafanya hivyo inaweza kulikata neno moja vipande viwili ndani ya XML. Kwenye kioo unaona neno zima. Ndani, "ng" iko kwenye tagi yake na kilichobaki kiko kwenye tagi nyingine. Ukitafuta kipande kwa kipande hulipati. Dawa ni kuunganisha maandishi ya aya nzima kwanza, itertext inafanya hivyo, ndipo utafute.

Na la mwisho ni herufi za Kiarabu. Bibi hakusoma skuli, alisoma chuoni, kwa hiyo akitaka kuandika Kiswahili aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa mwambao. Zipo sentensi chache alizoniandikia kwa mkono wake, nami nimezichapa vile vile. Sasa lxml ukiiambia itoe mti uwe maandishi kwa kutumia tostring, bila kusema zaidi, inaandika herufi za Kiingereza za kawaida tu, na kila herufi nyingine inageuzwa namba. Ile nuni inayoanzia neno nkono inatoka hivi: &#1606; Kompyuta haijali, ikisoma tena inaipata nuni yake. Hakijapotea kitu. Lakini mama yangu akifungua faili kutaka kuona maandishi ya mama yake, anakuta mahesabu. Unatakiwa useme wazi wazi encoding="unicode", au ukihifadhi kwenye faili, utf-8. Neno moja tu, nuni inabaki nuni.

Mtauliza, mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili yote haya ya nini? Hata mama kaniuliza kwenye simu. Nimemjibu hivi.

Kiswahili sanifu tunachofundisha kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Sina ugomvi nacho, ndo kitakachonipa mshahara inshaallah. Mtoto wa Gando katika mtihani lazima aandike mtu, nami ndiye nitakayemfundisha aandike mtu. Lakini mtoto yule anafika skuli na "ntu" mdomoni, kaipata kwa bibi yake, na kitu cha kwanza anachokipata juu ya neno hilo ni mstari mwekundu. Wa mwalimu au wa Word, ni mmoja. Nataka siku hiyo niwe na kitu cha kumwonesha, nimwambie: tazama, neno lako limeandikwa, lina mahali pake, lina sentensi yake, na aliyelisema alikuwa mtu wa hapa hapa.

Wapo waliotangulia kuifanya kazi hii kwa karatasi. Padri Sacleux alitoa kamusi lake la Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, na humo ametia alama maneno ya lahaja mbalimbali. Whiteley alichapisha kitabu kizima juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958. Haji Chum alitoa msamiati wa Kikae cha Makunduchi mwaka 1994. BAKIZA wametoa kamusi la Kipemba. Hao wote walitenganisha neno la mzungumzaji na maelezo ya mkusanyaji kwa mabano, kwa vifupisho, kwa herufi za mlazo. Karatasi haifuti maneno mistari miwili ikipita. Sisi tumepewa chombo chepesi zaidi na chenye nguvu zaidi, basi tukijue kinavyohesabu maneno ni mali ya nani.

Kwa wenzangu mnaotoka Tumbatu, Makunduchi, Kojani, Lamu, Mombasa, na mna mabibi na mababu wanaozungumza, nawapa ninayoyafanya mie sasa. Usiliguse faili la asili, fanya kazi kwenye kopi. Hesabu maneno kabla na baada, na uandike idadi kwa kalamu kwenye karatasi. Ukiondoa tagi, jiulize kwanza nyuma yake kuna nani. Ukibadilisha maandishi, pita kwenye text na kwenye mikia. Na ukimaliza, usiridhike kwa kuwa sentensi inasomeka. Chukua tano sita, zisome kwa sauti, ukilinganisha na za asili. Sikio la mtu wa kwenu litajua kama kuna kitu kimetoka.

Sentensi za Gando zimeshafika kwenye kikundi, safi, kila moja na urefu wake. Ijumaa tunaziwasilisha darasani na mie ndiye nitakayezisoma, na nimeshawaambia nitazisoma kwa matamshi yake, nkono na nti na ntu. Atakayecheka acheke kwanza, halafu asikilize mpaka mwisho wa sentensi.

Haya, kesho kipindi cha saa moja na nusu, nguo sijafua. Tuko pamoja wadau. Na wewe shoga yangu, deni lako la chai nalikumbuka.